Wanaomcheka Jamaa wa PSP wa Shanwe Wamekosea Mtu

Pale Shanwe, Manispaa ya Mpanda, kuna jamaa mmoja ambaye madogo wote wapenda gemu wanamfahamu. Jina lake liachwe, maana ameshachekwa vya kutosha. Ana PSP mbili za mtumba, anakaa nazo nje ya saluni ya kinyozi, na kwa mia tatu dogo anacheza mechi moja. Jumamosi benchi linajaa kuanzia asubuhi mpaka kinyozi anapofunga. Siyo biashara ya kumtoa mtu kimaisha, lakini kodi ya chumba inalipika na hela ya kula haikosekani.

Sasa huyu bwana kanunua memori kadi mpya. Imeandikwa GB 512, kauziwa shilingi elfu kumi na mbili. Kafurahi mpaka kaiweka picha yake kwenye status, na chini kaandika kwamba kuanzia siku hiyo hakuna gemu atakaloulizwa akakosa. Kadi yake ya zamani ya GB 8 kamuuzia mshikaji mwingine siku hiyohiyo ili kufidia hela, na mshikaji naye kaifomati palepale aweke nyimbo zake.

Siku mbili mambo yalikuwa matamu. Aliingiza gemu moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ya kijana anayerushia watu nyimbo, majina yote yakatokea kwenye skrini, zaidi ya sitini. Siku ya tatu dogo mmoja kachagua gemu la mieleka, skrini ikabaki nyeusi. Lingine, nyeusi. Ikaonekana basi hayo ni mabovu, akarudi kwenye PES iliyokuwa inachezwa tangu asubuhi. Nayo ikagoma. Jioni PSP ikaanza kusema haioni kadi kabisa. Kila kitu kilichokuwa humo kilikwenda, pamoja na Master League ya dogo mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa ameisukuma karibu miaka miwili, mia tatu mia tatu.

Mtaa ulicheka. Wengine wakamwita Bwana 512, na hilo jina limeshaganda. Maneno ni yaleyale: tamaa, ushamba, mtu mzima hajui kwamba cha bei chee kina kasoro. Hata kinyozi, ambaye wateja wake nusu wanaletwa na hilo benchi, kasema jamaa kajitakia.

Hapo ndipo mtaa umekosea. Jamaa hakujitakia chochote. Kanunua kitu dukani, mchana kweupe, kikiwa kimeandikwa kiasi chake juu, kama mtu anavyonunua kilo mbili za sukari. Kosa la mnunuzi ni lipi hapo? Aliyeandika 512 juu ya kadi isiyo na 512 ndiye wa kuchekwa, na ikiwezekana zaidi ya kuchekwa.

Inafaa kueleza kadi za namna hii zinafanyaje kazi, kwa sababu wengi wanadhani ni mbovu tu, yaani zimeharibika. Hapana. Zinafanya kazi vizuri kabisa ile kazi waliyozitengenezea, ambayo ni kudanganya. Ndani ya memori kadi kuna sehemu mbili: sehemu ya kutunza vitu, na chipu ndogo inayoisemea hiyo sehemu. Simu, kompyuta au PSP haiingii yenyewe kwenda kuhesabu nafasi. Inaiuliza chipu, chipu inajibu, basi. Tapeli anachukua kadi yenye GB 8 au 16 za kweli, anaifundisha chipu kujibu "512", anabandika nembo juu, anaweka kwenye pakiti. Ukiichomeka kila mashine inaona 512, kwa sababu kila mashine imeambiwa 512.

Vitu vya mwanzo vinaingia salama, maana nafasi ya kweli bado ipo. Ikishajaa, kuna kadi ambazo zinaanza kuandika vitu vipya juu ya vya zamani, na kuna nyingine zinapokea tu na kutupa hewani. Majina ya mafaili yanabaki yanaonekana, ukubwa wake unaonekana, ndani hakuna kitu. Ndiyo maana PES iliyokuwa inacheza asubuhi iligoma jioni: ilifutwa na lile gemu la mieleka lililokuwa linaingizwa juu yake. Mtu anayeona majina sitini kwenye skrini ana sababu gani ya kushuku?

Kitu kimoja tu kingeweza kumshtua, nacho ni bei. Kadi ya kweli ya GB 512, hata huko Marekani, inauzwa kwa makumi ya dola. Elfu kumi na mbili haifiki dola 5. Lakini nani wa Mpanda anajua bei ya kadi Marekani? Mtu anajua bei ya kitu kwa kulinganisha na duka la jirani, na duka la jirani linauza kadi zilezile, kutoka mzigo uleule ulioshushwa na basi lilelile la Dar.

Kuna na hili la mastaa. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, asitajwe, anapenda sana kujipiga picha akiwa safarini na mashine yake ya gemu mkononi, na maneno yanayoambatana na picha ni ya namba tu: GB ngapi, gemu ngapi. Madogo wanazichukua hizo namba kama wanavyochukua aina ya viatu. Namba kubwa imekuwa mapambo. Huyo msanii akipoteza kadi anatuma mtu Mlimani City kununua nyingine. Wa Shanwe akipoteza kadi amepoteza benchi.

Na kibaya zaidi, hiyo namba kubwa PSP haiihitaji. Gemu za PSP zilikuja kwenye kidisiki kidogo kinachoitwa UMD, na hicho kidisiki mwisho wake ni GB 1.8. Gemu halali la kidisiki kimoja halizidi hapo. Kadi ya kweli ya GB 32 inabeba kama gemu 16 za ukubwa huo wa mwisho kabisa, na kwa kuwa nyingi ni ndogo zaidi, inabeba zaidi ya hapo kirahisi. Benchi la kinyozi linacheza gemu ngapi? PES, mieleka, GTA, na lile la magari wakichoka. Nne. Hata hizo PES zinazoitwa kwa majina ya miaka mipya, ukizichunguza, ni ileile ya zamani: Konami waliishia PES 2014 kwenye PSP, zilizofuata ni kazi ya mashabiki wanaobadilisha jezi na majina ya wachezaji, wengine wanaingiza mpaka Simba na Yanga. Wanastahili pongezi wale watu, ila siyo gemu mpya.

Kwa hiyo aliyekuwa anahitaji GB 32 kauziwa 512 na kupata labda 8. Uliza mkulima yeyote wa mpunga kutoka Mwamkulu au Kakese akuambie hiyo inaitwaje. Wakulima wamelia na lumbesa miaka nenda rudi: gunia linajazwa mpaka linashonewa kilemba, mnunuzi analipa bei ya gunia moja na kuondoka na gunia na kitu. Lumbesa imepigwa marufuku, Wakala wa Vipimo wanazunguka kukagua mizani, na hata pale inapoendelea kwa kificho kila mtu anajua ni wizi. Kadi ya 512 ni lumbesa iliyogeuzwa kichwa chini. Mnunuzi analipia gunia, anabeba debe. Tofauti ni kwamba hapa anayeibiwa ndiye anayechekwa.

Ukweli mwingine ambao hausemwi: siyo matapeli wa vichochoroni peke yao waliowafanya watu wahangaike na nafasi. Makampuni makubwa nayo yana mkono. PSP ilipotoka Japani Desemba 2004, Sony hawakuweka tundu la kadi za kawaida, waliweka la kadi zao wenyewe, Memory Stick Duo. Moja ya vifurushi vyake vya mwanzo ilikuja na kadi ya MB 32. Siyo GB, MB. Sevu zilitosha humo, lakini nyimbo na video mtu alibaki anatafuta kadi ya Sony kwa bei ya Sony. Leo hizo kadi halisi ni shida kuzipata, na ndiyo maana PSP nyingi za mtumba zinatembea kwa adapta, kile kiplastiki chenye umbo la Memory Stick ambacho ndani yake inachomekwa kadi ndogo ya simu. Kuna cha kadi moja na cha kadi mbili. Cha kadi moja ndicho salama zaidi, kwa sababu cha mbili kinaziunganisha kadi zote zihesabike kama moja, ikifa mojawapo vinaondoka vyote. Anayenunua PSP ile ya kusukuma juu, PSP Go ya 2009, ajue mapema kwamba adapta hizi haziingii humo. Ina GB 16 za ndani na tundu la kadi nyingine ndogo ya Sony, M2, ambayo kuiona dukani Mpanda ni bahati nasibu.

Halafu likaja balaa lenyewe, PS Vita. Ilifika Marekani 2012 kwa dola 249.99 ile ya Wi-Fi, na kadi yake ya GB 32, isiyoingia kwenye kifaa kingine chochote wakati huo, ikauzwa dola 99.99. Kadi bei yake karibia nusu ya mashine! Vita za mwanzo hazikuwa hata na nafasi ya ndani ya kutunzia sevu, na michezo mingi ilikuwa inakataa kwenda bila kadi. Toleo la pili likaongezewa GB 1, kama sadaka. Mashine nzuri, skrini nzuri, ikafa kifo cha mapema, na watu wengi waliokuwa nayo wanataja kadi kabla ya sababu nyingine. Wataalamu wa mtaani baadaye wakatengeneza adapta inayokaa kwenye tundu la gemu na kupokea kadi ya kawaida, ila inadai mashine ichokonolewe kwanza ndani, na siyo kila fundi anaiweza. Vita za mtumba zinafika mpaka huku Katavi. Anayeuziwa Vita bila kadi ameuziwa nusu.

Nintendo walikuwa waungwana zaidi, kwa muda. Switch ya 2017 ina GB 32 za ndani, zinazobaki za kutumia ni karibu 26, lakini inapokea kadi ya kawaida ya microSD, ileile ya simu. Tena sevu zake hazikai kwenye kadi, zinabaki ndani ya mashine, kwa hiyo kadi ikifa mtu anapoteza gemu alilopakua lakini siyo safari yake. Anapakua tena. Shida ni bando: gemu la GB 14 kulipakua mara ya pili kwa bando la simu ni hela ya kuumiza, na mtu anaweza kulala macho usiku mzima akivizia bando la usiku. Halafu Juni 2025 ikatoka Switch 2, ndani GB 256, na hapo mlango ukabanwa tena. Gemu zake zinataka aina mpya ya kadi, microSD Express. Kadi ya kawaida ikichomekwa inakubalika kwa kuhamishia picha na video tu, gemu hakuna. Kwa umbo ni sawasawa kabisa. Mtu asiyejua atanunua ya kawaida, atarudi dukani kugombana, na safari hii muuzaji atakuwa hana kosa.

Steam Deck na wenzake waachwe kidogo, kwa sababu wenye nazo Mpanda wanahesabika na hawana haja ya ushauri wa bei. Inatosha kusema kwamba huko gemu moja kama Red Dead Redemption 2 linadai GB 150, kwamba tundu la microSD lipo, na kwamba diski ya ndani inabadilishika na fundi mwenye bisibisi ndogo na subira.

Wanaohitaji kuambiwa jambo ni hawa wa vigemu vipya vya Kichina. Kile cha "gemu 400 kwa moja" vingi vyake havina hata tundu la kadi, kilichomo ndicho hichohicho mpaka kife. Lakini R36S, ambayo vijana wanaipenda kwa sababu inacheza vitu vya PS1 na hata baadhi ya PSP, ina matundu mawili. La kwanza linabeba mfumo wenyewe wa mashine, la pili gemu. Inakuja na kadi zisizo na jina, na hizo kadi ndizo zinazokufa kwanza. Kadi ya tundu la kwanza ikifa mashine haiwaki, na fundi asiyeijua atasema bodi imeungua na atamwambia mtu anunue nyingine. Bodi nzima, kadi tu. Anayeipata mpya afanye kazi moja kabla hajaanza kucheza: ile kadi ya mfumo inakiliwe yote kwenye kompyuta, kisha ihamishiwe kwenye kadi nzuri.

Na wengi zaidi, tusidanganyane, kigemu chao ni simu. PPSSPP ilitoka 2012, tangu hapo Tecno na itel zimekuwa PSP za wananchi. Huko nafasi inaliwa na picha za magrupu ya WhatsApp kuliko gemu. Kadi ya kuongeza inasaidia simu ikiwa na tundu lake, na gemu linakaa humo bila tatizo.

Sasa turudi kwenye kilio chenyewe cha Shanwe, kwa sababu watu wanalia kwa kitu kisichostahili. Gemu sitini hazikuwa hasara. Gemu zinapatikana, jirani anazo, kijana wa kurusha nyimbo anazo kwenye kompyuta yake (habari ya haki za waliozitengeneza ni mada nyingine, na siyo nyepesi). Kilichopotea ni sevu. Miaka miwili ya yule dogo wa kidato cha pili ilikuwa kwenye folda inaitwa SAVEDATA, ndani ya folda inaitwa PSP. Kwenye simu ya PPSSPP muundo ni huohuo. Sevu moja mara nyingi haifiki hata ukubwa wa picha moja ya simu. Sevu za benchi zima zingeweza kutumwa WhatsApp kama faili moja na kukaa kwenye simu ya jamaa bila yeye kuhisi. Hakuna aliyemwambia. Wanaouza adapta hawasemi, wanaorusha gemu hawasemi, kwenye pakiti haipo. Kujua hilo ingekuwa kazi ya dakika moja kila Jumapili, na Mpanda, mji ulioishi kwa majenereta miaka na miaka na unajua vizuri umeme kukatika katikati ya kunakili, ulitakiwa uwe wa kwanza kuwa na tabia hiyo.

Lakini kunakili sevu kunapunguza maumivu, hakumzuii mwizi. Cha kumzuia ni kimoja, nacho ni kupima. Kadi ipimwe dukani. Mchele unapimwa, nyama inapimwa, mafuta ya taa yanapimwa, kwa nini kadi iuzwe kwa kuangalia pakiti?

Kupima kunawezekana na ni bure. Kuna programu ya kompyuta ya siku nyingi inaitwa H2testw. Inaijaza kadi mafaili ya majaribio, kisha inayasoma yote kuona kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyomo. Chipu haiulizwi neno. Kadi ya uongo inaumbuka yenyewe. Nayo ikionyesha GB 29.8 kwenye kadi ya 32, huo siyo wizi, ni tofauti ya namna kiwanda kinavyohesabu na kompyuta inavyohesabu. Wizi ni pale inapoonyesha 7.

Jamaa alirudi dukani, ndiyo. Mazungumzo yalikuwa mafupi, na waliokuwepo wanayarudia kwa kuigiza.

"Kaka, ile kadi imekula vitu vyangu vyote."

"Pole bro. Lakini vitu vya umeme hivi, unajua mwenyewe. Mali ikishauzwa hairudi."

"Siyo imekufa. Haikuwa 512."

"Sasa mimi niliitengeneza? Imeandikwa, wewe umesoma, mimi nimesoma."

Hilo jibu la mwisho lina ujanja, lakini pia lina chembe ya ukweli, na ni haki kulisikiliza. Muuzaji hakuitengeneza. Naye kaletewa katoni kutoka Kariakoo, imefika kwa basi, ndani kadi mia. Kuna uwezekano mkubwa kwamba yeye ndiye wa kwanza kupigwa. Wauzaji wana na hoja nyingine: kupima kunachukua muda. Kadi ya GB 32 ikiandikwa kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde inakula kama dakika 53 kuijaza, na kuisoma ni muda mwingine juu yake. Hiyo ya 512 ingechukua zaidi ya saa 14. Mteja gani atasubiri?

Hoja ni ya kweli lakini haifiki mbali. Kwanza hakuna haja ya kuijaza yote, programu inaruhusu kupima sehemu. Kadi inayojiita 512 huku ndani ina 8 au 16 itaumbuka kabla ya 20. Pili, mteja hatakiwi kusubiri. Kadi ipimwe kabla ya kupangwa kwenye kabati, usiku, duka likiwa limefungwa, na moja au mbili kutoka kila katoni zinatosha kuujua mzigo. Tatu, asiyetaka kupima aandike kwenye risiti kiasi cha GB alichouza na akubali kurudishiwa ndani ya siku tatu. Risiti, siyo mdomo. Mwenye risiti ana pa kuanzia hata kama atataka kwenda kulalamika Tume ya Ushindani, ambao bidhaa bandia ni kazi yao. Bwana 512 hana risiti. Alipewa kadi mkononi, bila hata mfuko.

Wapo watakaosema duka likifanya hivyo litauza kadi ghali na wateja watahamia kwa jirani mwenye za elfu kumi na mbili. Mwezi wa kwanza, labda. Lakini Shanwe siyo Dar. Watu wanajuana, benchi moja la kinyozi linatangaza kuliko redio, na lile duka lililouza ile kadi kwa sasa linapitwa na madogo wakiliimbia. Kadi ya kweli ya GB 32 iuzwe hata elfu kumi na tano, ikiwa na karatasi imebandikwa kwamba imepimwa, itanunuliwa. Vijana wa kurusha nyimbo nao wana kompyuta zimewashwa siku nzima. Kupima kadi kwa jero ni kazi wanayoweza kuanza kesho asubuhi, na yule aliyezijaza gemu sitini kwenye kadi hewa bila kushtuka angefaa awe wa kwanza.

Na muuzaji mwenyewe ndiye mwenye faida kubwa zaidi. Akipima katoni siku inaposhuka kwenye basi, akakuta ni debe ndani ya gunia, anampigia aliyemuuzia Kariakoo mzigo ukiwa mzima, kadi mia zote kwenye pakiti zake, na hela ya kuupeleka ndiyo kwanza imetoka. Akishazitawanya kwa vijana thelathini kuanzia Makanyagio mpaka Kawajense, pakiti zimeshachanwa, na wa Kariakoo atamjibu maneno yaleyale aliyomjibu yeye jamaa wa PSP.